Kilima kifupi kuliko ziwa letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua tumewazoesha barua za maji kukatika na daladala kukatisha ruti, mi leo naleta barua ya mlima, tena mlima wa huko juu kabisa karibu na ncha ya dunia ambako jua likigoma kuzama linagoma kweli, ila mkinivumilia mtaona barua yenyewe inashukia hapa hapa Mwanza, kwenye haya mawe yetu tunayoyapiga picha kila siku wakati pa kuyapandia hatuna.

Mi ni mtu wa samaki, nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu upande wa ubora, na miaka kadhaa nyuma nikapata bahati ya kwenda kozi fupi ya mambo ya samaki huko Tromsø, kaskazini ya Norwei. Huo mji upo kisiwani, digrii 69 na ushee kaskazini, yani ukishavuka ule mstari wa Aktiki unaendelea tena kama kilometa 350 ndo unafika. Nilibeba makoti mawili na blanketi la mama nikijua naenda kufa kwa baridi, kumbe bahari yao haigandi kabisa, kuna mkondo wa maji ya moto moto unatoka kusini unapita pale, meli zinaingia bandarini mwaka mzima. Mi nilifika mwanzoni mwa Juni. Kuanzia kama tarehe 20 Mei mpaka tarehe 22 Julai jua halizami, linazunguka tu angani kama mtu aliyekosa pa kulala. Usiku wa kwanza nilimpigia mke wangu kwa video, kule saa tano usiku, huku Mwanza saa sita, nikamwonesha jua dirishani, akanitazama weee akaniuliza "baba Neema, uko peke yako kweli hapo?" Mpaka leo sijui kwa nini jua lilimtia wasiwasi wa aina hiyo.

Sasa siku ya tatu, saa tatu na nusu usiku, jamaa wa maabara aliyekuwa mwenyeji wangu ananigongea mlango, ana buti, ana begi dogo mgongoni, ananiambia twende mlimani. Nikamwambia kaka, saivi? Akatazama dirishani, jua linawaka, akanitazama mimi, hakuona kosa lake liko wapi. Tukavuka daraja kwa miguu, lile daraja lao ni la mwaka 1960, lina mita 1,036, na nilivyolisifia siku ile saivi nacheka kwa sababu sisi tuna la Kigongo-Busisi la kilometa 3. Ng'ambo ya daraja ndo bara, na hapo hapo mtaa ukiisha mlima unaanza. Sio kwamba unapanda gari saa mbili ukafike kwenye geti la hifadhi, hapana, nyumba ya mwisho, uzio wa mwisho, mlima.

Kuna njia mbili za kufika pale kwenye bega la mlima panapoitwa Storsteinen. Moja ni kigari cha kwenye waya, kipo tangu mwaka 1961, dakika 4 uko juu, bei yake ukiigeuza kuwa shilingi unakaa chini kwanza. Ya pili ni ngazi za mawe, zaidi ya 1,200, na zimejengwa na Washerpa kutoka Nepal, ndio, hao hao wa Everest, Wanorwei wamekuwa wakiwaita waje kuwajengea ngazi za mawe milimani kwa sababu hao watu wanajua kulipanga jiwe mteremkoni likakaa bila saruji. Nilizitazama zile ngazi kwa makini maana mi nimekulia Igogo, jiwe nalijua. Kila jiwe limelazwa likaegemea la nyuma yake, limeinama kidogo kwa mbele ili maji yasitulie, pembeni wameacha mfereji, na pale mlima unapokuwa mkali ngazi zinapinda, hazilazimishi. Hatua zenyewe hazilingani, moja fupi moja ndefu, mguu unabaki macho.

Mwenyeji aliniambia nusu saa. Nilitumia saa nzima na dakika kumi na kitu. Kwenye ngazi ya mia nne hivi kuna bibi mmoja, mvi tupu, fimbo mbili mkononi, akanipita akipanda, akanisalimia. Nikapumzika. Akanipita akishuka, akanisalimia. Nikajikongoja. Mhariri, yule bibi alinipita tena akipanda! Kumbe ndo mazoezi yake, anapanda mara mbili. Hapo nikaacha kujitetea kwamba nimechoka na safari.

Juu tukakaa kwenye mwamba, jamaa akatoa mkate uliofungwa kwenye karatasi, ndani kuna jibini ya rangi ya kahawia yenye ladha ya tofi, na chupa ya chai. Hakuna baa ya nyama, hakuna spika, watu wamekaa wawili watatu wanatazama chini, kisiwa chote kinaonekana, madaraja, bahari imeingia katikati ya milima yenye theluji, na jua limening'inia kaskazini, saa sita usiku, kaskazini! Mi mtu wa digrii mbili na nusu kusini ya ikweta ambaye jua langu linatoka saa kumi na mbili na ushee na kuzama saa kumi na mbili na ushee na hatujawahi kukoseana, nilikaa pale kimya.

Nikamuuliza tunalipia wapi. Akasema nini. Nikasema kiingilio. Akasema cha nini, wewe umepanda kwa miguu. Nikamuuliza huu mlima ni wa nani, akanijibu kitu ambacho ndo kimenifanya niandike hii barua, akasema hata ingekuwa ardhi ya mtu binafsi ningekuwa na haki ya kupita, kuna sheria.

Nikaifuatilia. Kweli ipo, ni ya mwaka 1957, na ndani yake kuna haki ambayo ni ya zamani kuliko sheria yenyewe, kwamba kwenye ardhi isiyolimwa na isiyo ua wa nyumba ya mtu, mtu yeyote anaruhusiwa kupita kwa miguu, kupumzika, hata kupiga hema, bora asogee mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa na asizidishe siku mbili sehemu moja bila ruhusa. Mgeni kama mimi, raia, tajiri, mlalahoi, wote. Na una wajibu pia, usiharibu, usiache taka, kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 15 Septemba usiwashe moto msituni. Yani sheria haijasema mlima ni wa serikali, imesema tu usimzuie mwenzio kupita.

Sasa kitu cha kuchekesha. Nilirudi chumbani nikaanza kutafuta urefu wa ule mlima ili niwatambie watu wa kwetu. Storsteinen ni mita 421 kutoka usawa wa bahari. Nikakumbuka kwamba Ziwa Victoria, maji yenyewe, yako mita 1,134 juu ya bahari! Kwa hiyo mama anayeanika dagaa pale Kirumba Mwaloni, miguu ikiwa kwenye matope, yuko juu kuliko mimi niliyekuwa nahema kwenye kilele na kupiga selfi, tena kamzidi huyu mpanda mlima mita zaidi ya 700. Na ule mlima mkubwa wenyewe nyuma yake, Tromsdalstinden, ambao ndo kichwa cha mji, una mita 1,238, yani unalizidi ziwa letu kwa mita mia na kitu tu. Tofauti ni kwamba wao wanaanzia sifuri, mguu wa mlima uko baharini, kila mita unailipa mwenyewe kwa magoti yako. Halafu kule kaskazini baridi inashuka chini, miti inaishia hata mita 500 hujafika, juu yake ni nyasi fupi na mawe na theluji. Kwa hiyo kilima ambacho hapa tungekiita cha kuchungia mbuzi, kule kina adabu ya mlima mkubwa.

Na adabu hiyo waliniadabisha. Wiki iliyofuata tukaenda huo mkubwa. Tumetembea saa tatu, tumevuka theluji inayofika magotini, kilele nakiona hiki hapa, wingu likaja. Halikuja kwa haraka wala nini, lilikaa tu juu ya ncha kama kofia. Jamaa akasimama, akageuka, akasema tunarudi. Mhariri nilikasirika! Nimetoka Mwanza, mabegi, viza, ndege tatu, leo nirudi kwa sababu ya wingu? Akaniambia kwa upole kuna kanuni tisa za milimani ambazo kila mtoto wa Norwei anazijua, na mojawapo inasema geuka mapema, kugeuka sio aibu. Nilinuna mpaka chini. Ila usiku nikamkumbuka marehemu mzee wangu, alikuwa mvuvi Ukerewe, nilishamwona akigeuza mtumbwi na nyavu kavu kwa sababu tu ameona weusi wa wingu upande wa kisiwa cha Ukara, wenzake wanamcheka, yeye anasema ziwa lipo kesho. Basi nikaona kumbe hii kanuni nilizaliwa nayo, sema nilikuwa sijaikuta mlimani.

Majira ya baridi sikuyaona, nasimulia ya kusimuliwa. Mwishoni mwa Novemba jua linazama mazima mpaka katikati ya Januari, na bado wanaenda mlimani, wanavaa taa kichwani, wanapanda na skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Hatari yao kubwa ni maporomoko ya theluji, mteremko ukishazidi digrii 30 wanauogopa, na serikali inatoa utabiri wa maporomoko kama sisi tunavyotoa wa mvua, una ngazi moja mpaka tano, mtu anasoma asubuhi kabla hajafunga buti. Kila mmoja anabeba koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na kifaa kidogo kinachotuma mawimbi, ili ukifukiwa wenzio wakusikie. Ukipotea wanakuja kukutafuta watu wa kujitolea, na uokoaji haulipiwi. Mi nilipoambiwa hivyo nilisema hao watu wamelogwa, unajitafutia kufukiwa kwa ajili gani? Jamaa akacheka akasema ukikaa ndani miezi miwili bila jua ndo utalogwa vizuri. Sikuwa na la kujibu.

Kingine nilichokipenda ni kwamba sio kila kitu wamekiachia michezo. Huo mlima mkubwa Wasami, wenyeji wa asili wa kule, wanauita Sálašoaivi na kwao ni mtakatifu. Mji ulipokuwa unautaka uenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi kukawa na mpango wa kuweka njia za mashindano ya skii kwenye huo mlima, Wasami wakasema hapana, na mpaka leo mlima hauna hizo njia. Kupanda unapanda, hata mbio za milimani zipo tangu mwaka 2014 zinapita hapo, ila buldoza hapana. Hii wala haihitaji kuelezewa kwa mtu wa huku, kule Ukara kuna jiwe linalocheza na watu wanaliendea kwa adabu zake, hakuna aliyewahi kusema tulizungushie bembea.

Haya, sasa nashuka Mwanza.

Mwezi uliopita Jumapili nikawachukua wanangu wawili, na mtoto wa dada, nikawaambia leo tunapanda mlima kama Wanorwei. Kuna kilima hapa mjini sikitaji, sisi tulikuwa tunapanda tukiwa wadogo kutafuta zambarau na kumkimbiza pimbi, juu kuna mwamba mmoja bapa kama meza, ukikaa pale unaona ziwa mpaka kisiwa cha Saanane na kivuko kinavyokata maji. Tumefika katikati tukakuta ukuta. Ukuta mpya, geti, mlinzi. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia kijana wangu sisi tunapita tu kwenda juu, akasema mzee hapa pana mwenyewe. Nikasema sawa pana mwenyewe, njia iko wapi basi? Akasema njia ya wapi? Nikasema ya kwenda juu. Akanitazama kwa huruma kabisa, akaniuliza, "Kwani huko juu umesahau nini, mzee?"

Mtoto wa dada ana miaka saba, akamjibu, "Hatujasahau kitu, tunaenda kuangalia." Mlinzi akacheka, mi nikacheka, geti halikufunguliwa.

Silaumu mlinzi, na mwenye ukuta simtaji, pengine ana hati zake safi kabisa. Ninachouliza ni kile ambacho mlinzi hakuwa na jibu lake, njia iko wapi? Kwa sababu kila kilima cha huu mji kilikuwa na njia, sisi wenyewe tumezikanyaga, zilikuwa nyeupe kabisa kwenye mwamba kwa kukanyagwa, na hazimo kwenye ramani yoyote ya kiwanja, kwa hiyo akija mtu akapimiwa, njia inamezwa na hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimemezwa. Ziwani angalau kuna sheria, ile ya mazingira ya mwaka 2004 imesema mita 60 kutoka ufukweni hakuna shughuli ya kudumu, na hata hizo mita 60 nendeni mkatembee wenyewe muone ni wapi utaweza kufuata maji kwa miguu nusu saa bila kukutana na ukuta. Norwei wao ni mita 100. Miambani sisi hatuna hata hiyo moja ya kuvunja.

Najua watu watasema, na nilishaambiwa kijiweni, kwamba Wanorwei wana hela ya mafuta, sisi tuache kwanza tupate maji ya bomba ndo tuje kwenye kupanda mawe. Nimejibu hivi, mafuta yao makubwa yaligunduliwa mwaka 1969. Sheria ya kupita ni ya 1957. Chama chao cha watembea milima, chenye vibanda zaidi ya 500 vya kulala ambavyo vingine havina hata mhudumu, unaingia na ufunguo, unakula chakula cha kopo, unaandika mwenyewe ulichotumia na unalipa kwa uaminifu wako, hicho chama ni cha mwaka 1868, wakati ambao Wanorwei wenyewe walikuwa wanapanda meli kwenda Marekani kukimbia umaskini. Na alama zao za njia ni herufi T imepakwa kwa rangi nyekundu kwenye jiwe. Rangi, Mhariri. Kopo moja la rangi na mtu mwenye brashi.

Halafu wenye kujua kupanga jiwe sisi tunao, wala hatuhitaji kumtoa mtu Nepal. Nani asiyezijua barabara za mawe za huku milimani kwetu, Igogo, Isamilo, Mabatini, jiwe limechongwa kwa nyundo likapangwa mteremkoni, mvua ya masika inapita juu yake na gari linapanda? Wale mafundi wapo, wengine saivi wamekaa wanagonga kokoto na wake zao kando ya barabara. Na kwenye hizo kokoto kuna uchungu mwingine, kwamba mwamba ule ule ambao ungekuwa na ngazi na kijana anauza maji na miwa kwa wanaopanda, tunaupasua kwa moto tunauuza kwa ndoo. Mwenye njaa simwambii aache, ila akipewa kazi ya ngazi mwezi mzima sidhani kama ataikumbuka nyundo ya kokoto.

Nilimweleza haya yote shangazi yangu, anakaa juu kabisa Mabatini, kila siku anapanda kwake na ndoo kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Yani mtu mzima, ana akili zake, anapanda mlima hana ndoo, hana kuni, hana mgonjwa wa kwenda kumuona?" Nikasema ndio shangazi. "Afu akifika juu?" Anakaa. "Anakaa tu?" Anakula mkate, anashuka. Akatikisa kichwa. Nilidhani nimeshindwa kesi. Baada ya muda anaosha vyombo, akasema kama anajisemea, ila na mimi jioni nikitua ndoo huwa nakaa pale kwenye jiwe langu kwanza, naangalia ziwa, ndo naingia ndani. Nikamwambia shangazi, ndo hicho hicho.

Na huyu shangazi ndo amenifanya nibadilishe nilichotaka kuomba. Nilikuwa naandika kwamba tujengewe njia za watalii, nikaona hapana, watalii watakuja wenyewe, Tromsø kwenyewe saivi wenyeji wanalalamika wageni wamejaa. Sisi tusiombe gari la kwenye waya, mnakumbuka kelele zilizopigwa lilipotajwa la Kilimanjaro. Tuombe jiji na manispaa ya Ilemela wafanye kitu kidogo tu kabla ya upimaji mwingine: kwenye kila kilima chenye mwamba wa juu, waache njia moja ya miguu upana wa mita mbili, waichore kwenye ramani ya kiwanja kama wanavyochora barabara, na ule mwamba wa juu wenyewe usiwe kiwanja cha mtu. Wakishachora, ngazi zitakuja hata baada ya miaka kumi. Wasipochora hata tukipata Washerpa watajenga ngazi za kuishia kwenye geti. Na njia yenyewe itamfaa wa ndoo kabla haijamfaa wa selfi, maana wanaokaa juu kule ni maelfu, na nyingi ya ngazi wanazopandia wamejichangia saruji wenyewe.

Hatari zipo, sijazisahau. Sisi hatuna theluji, tuna radi, na mwamba mtupu juu ya ziwa wakati wingu limekaza ni sehemu ya mwisho ya kukaa na simu mkononi. Mvua ikinyesha mwamba unateleza kama sabuni, na kuna mawe makubwa yameegemea udongo tu, masika huwa yanaporomoka. Hizo kanuni tisa tuziandike za kwetu, ya kwanza iwe ukiona weusi upande wa Ukerewe shuka, na iandikwe kwa Kiswahili na Kisukuma kwenye kibao pale chini njia inapoanzia. Watoto wafundishwe shuleni na wapandishwe, kule nimeona walimu wa chekechea wameongozana na vitoto vimevaa makoti ya mvua, vinapanda vinaimba, mvua inanyesha. Wetu tunawapeleka kutazama twiga mbali huko kwa basi la kukodi, wakati mjusi mwekundu na bluu anayeota jua kwenye jiwe la nyuma ya darasa jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, ana jina la mji wao na hawajaambiwa.

Nimalizie na kitu kimoja. Vilima vingi vya kule vina kisanduku cha chuma kileleni, kama cha posta, ndani kuna daftari na kalamu, ukifika unaandika jina na tarehe, basi. Hakuna zawadi. Nilikuta mtu ameandika mara ya mia na kitu, kilima kile kile. Nilivyofukuzwa pale getini nikaenda kilima kingine karibu na kwangu ambacho bado hakijafikiwa, nikaweka daftari la kurasa 96 ndani ya kopo la rangi lenye mfuniko, na kalamu mbili, nikalikandamiza kwa jiwe. Sikumwambia mtu. Nimerudi wiki ya tatu, kalamu moja imeibiwa, ila kuna majina 41. Wengi wanafunzi. Mmoja kaandika "nimekuja kutafuta mtandao". Mwingine, "nimeachwa, ziwa zuri". Na ukurasa wa nne kuna mtu ameandika kwa herufi kubwa za mtu ambaye haandiki mara kwa mara, bila jina, "NILIKUWA NALETA MBUZI HAPA 1974. NJIA ILIKUWA UPANDE WA MWEMBE."

Nimeenda kuutafuta mwembe. Upo. Nyuma yake kuna vigingi vinne vya mpimaji, bado vipya.

Ni mimi msomaji wenu,
Nyakabungo, Mwanza.